Mmea unaoshikilia majani na mmea unaoyaangusha: upi wa kuchagua Mtwara na Lindi?

Mwanzoni mwa Mei, mvua zikishakatika na upepo wa kusi ukianza kushika, mashamba ya mtama huonyesha jambo linalomchanganya hata mkulima mzoefu. Mashina mawili yaliyopandwa wiki moja, katika udongo uleule, hutofautiana kabisa: moja limekauka majani hadi karibu na shuke, na la pili bado lina majani sita au saba ya kijani. Wengi wetu hulihesabu hilo la pili kuwa ndilo lenye nguvu na kuliwekea alama ili tupate mbegu yake. Mara nyingi hesabu hiyo ni sahihi, lakini si mara zote, na kwa upande wa muhogo inaweza kugeuka kabisa.

Ulinganisho huu unamhusu anayechagua mbegu ya mtama au vipando vya muhogo kwa ajili ya msimu ujao. Mkorosho na ufuta nimevigusa kwa sababu hakuna anayelima mikoa hii miwili bila kuviona, na kwa sababu kila kimoja kina lake la kutufundisha kuhusu umri wa jani.

Kukomaa si kuzeeka

Katika mazungumzo ya kawaida tunasema jani ni changa au ni zee, basi. Kwa suala hili ni lazima tutenganishe hatua tatu. Jani changa bado linajengwa na hulishwa na majani mengine. Jani lililokomaa ndilo linalofanya usanisinuru kwa nguvu zote na kuwalisha wenzake. Jani linalozeeka linabomolewa na mmea wenyewe, kwa utaratibu. Ubomoaji huo huanzia kwenye kloroplasti, zile chembe zenye umbijani, ambamo hukaa takribani robo tatu ya naitrojeni yote ya jani. Kiini cha seli na mitokondria huachwa hadi karibu na mwisho, kwa kuwa kazi ya kubomoa nayo inahitaji msimamizi na inahitaji nguvu. Naitrojeni inayopatikana husafirishwa kwenda kwenye punje, kwenye mzizi au kwenye vichipukizi. Jani la njano, kwa hiyo, ni kama nyumba ambayo wenyewe wanahamisha vyombo, na ni kosa kuihesabu kuwa imeungua.

Homoni ndizo zinazoamua lini uhamishaji uanze. Asidi ya absisiki, ambayo huongezeka mmea unapokosa maji, pamoja na gesi ya ethilini, huuharakisha, saitokinini huuchelewesha. Shida inapofika, majani hayaipokei kwa usawa. Wakati wa ukame majani ya chini ndiyo yanayoachiliwa kwanza. Katika udongo wa chumvi, majani ya zamani ndiyo yaliyokwisha kupitisha maji kwa muda mrefu kuliko mengine, hivyo ndiyo yaliyolimbikiza chumvi nyingi na ndiyo yanayokufa mapema. Katika mafuriko mpangilio ni huohuo, wa zamani kwenda kwa changa. Kimbunga Hidaya kilipoleta mvua kubwa pwani ya kusini mwanzoni mwa Mei 2024, mashamba mengi ya mabondeni yalilala kwenye maji. Katika hali kama ile, kabla ya kung'oa zao kwa kuwa majani ya chini yamepauka, ni busara kukagua kwanza kichipukizi cha kileleni: kikiwa kigumu na kibichi, mmea umetoa sadaka majani yake ya zamani na bado una nia ya kuendelea.

Wanasayansi wenyewe wamefika sehemu mbili zinazoonekana kupingana. Mwaka 2007 watafiti wa California walichapisha matokeo ya tumbaku iliyopandikizwa jeni ya kutengeneza saitokinini, jeni inayowaka mmea unapopatwa na shida. Majani hayakuzeeka haraka, na mimea hiyo ilipopewa asilimia 30 tu ya maji ya kawaida, mavuno yake yalipungua kidogo sana. Mwaka 2016 utafiti mwingine, safari hii kwa kutumia arabidopsisi, gugu dogo la jamii ya kabichi linalopendwa na maabara, ulionyesha kinyume chake: mimea iliyoongezewa kipokezi kimoja cha asidi ya absisiki, yaani protini inayoipokea homoni hiyo, ilizeesha majani yake ya zamani haraka zaidi, na ndiyo iliyonusurika katika ukame mkali, kwa kuwa maji machache yaliyobaki yalielekezwa kwenye sehemu changa. Kwa maoni yangu hakuna mgogoro hapo. Utafiti wa kwanza ulitazama hasa nani atatoa mavuno maji yakiwa haba. Wa pili ulitazama nani atakuwa hai maji yakiisha. Mkulima anayechagua mbegu anapaswa kujua analiuliza lipi kati ya maswali hayo mawili.

Mtama: kijani kinachojaza punje na kijani cha kudanganya

Mtama unaozeesha majani mapema hutegemea mbio. Huhamisha hazina yake kwenye punje upesi, na kama umemaliza kabla ya udongo kukauka, umeshinda. Hatari yake huonekana ukavu unapoingia punje zikiwa nusu. Majani yakiwa yameshakufa, shuke huanza kunyonya sukari kutoka kwenye bua. Bua hudhoofika, kuvu wa kuozesha mashina huingia, na upepo wa kusi humalizia. Jirani yangu mmoja, mzee aliyelima mtama tangu utoto, ana kipimo chake. Huinama, hulibana bua kwa kidole gumba juu kidogo ya pingili ya kwanza kutoka ardhini, kisha husubiri. Siku aliponionyesha, bua lilibonyea kama godoro. "Mwalimu," akaniambia, "hili limesimama tu, ndani ni sufi." Alilipasua kwa kisu, na kweli nyama ya ndani ilikuwa imechanika nyuzinyuzi, rangi ya kijivu, kavu. Shuke lake kwa juu lilionekana zuri tu.

Mtama unaobaki kijani hukwepa ajali hiyo kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa majani yake huendelea kulisha shuke na bua halifilisiwi. Tabia hii imechunguzwa zaidi katika ukoo mmoja wa mtama unaoitwa B35, wenye asili ya Ethiopia, ambamo wataalamu wametambua maeneo manne ya kromosomu yanayohusika. Kazi iliyofanywa Australia iliongeza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha uchaguzi wote. Maeneo hayo ya kromosomu hupunguza idadi ya machipukizi ya pembeni na ukubwa wa majani kabla ya mmea kutoa shuke; mmea hutumia maji kidogo mwanzoni, na yale yaliyosalia ardhini ndiyo yanayoweka majani kijani wakati wa kujaza punje. Kijani tunachokiona Mei ni faida ya akiba iliyowekwa Februari na Machi.

Maana yake shambani ni nzito kuliko inavyoonekana. Penye udongo unaoshika maji, kama mabonde yenye udongo wa mfinyanzi na baadhi ya ardhi nyekundu za Nachingwea na Masasi, mtama wa aina hiyo una mahali pa kuweka akiba. Penye mchanga mwepesi unaopitisha maji kama chujio, akiba hiyo hupotea chini ya mizizi, na hapo ningechagua mbegu ya muda mfupi inayozeeka mapema, niiwahishe kuipanda na niivune kabla haijadaiwa maji isiyokuwa nayo. Katika mbegu zilizoidhinishwa nchini, Macia, iliyotolewa kwa wakulima wa Tanzania mwaka 1999, ni mtama mfupi wa punje nyeupe unaojulikana kwa kushikilia majani. Ni mbegu nzuri, ila isihukumiwe kwa shamba ambalo udongo wake haukuipa nafasi.

Kuna bei nyingine ambayo haisemwi mara nyingi. Naitrojeni iliyobaki kwenye jani la kijani ni naitrojeni ambayo haikuingia kwenye punje. Kwenye ngano jambo hili lilithibitishwa mwaka 2006, ilipobainika kuwa jeni moja inayoharakisha kuzeeka kwa majani huongeza protini, zinki na chuma ndani ya punje. Sisemi kwamba kila mtama wa kijani una uji duni. Nasema mwenye kulima kwa ajili ya kulisha watoto ana sababu ya kutodharau mtama unaokauka vizuri. Mwenye mbuzi au ng'ombe, kwa upande wake, atafurahia mabua yenye majani mabichi baada ya kuvuna, na hilo si jambo dogo Julai nyasi zinapokuwa zimeungua.

Tena kuna kijani kisichokuwa na kazi. Mendel, mtawa aliyeweka msingi wa sayansi ya urithi, alipoandika mwaka 1866 kuhusu njegere zake, moja ya sifa alizofuatilia ilikuwa rangi ya mbegu, kijani au njano. Ilipofika mwaka 2007 ikabainika kuwa njegere ya kijani ina hitilafu katika jeni inayosaidia kuvunja umbijani. Mmea wa namna hiyo huzeeka kama kawaida, mashine zote za ndani zikasimama, ila rangi haiondoki. Shambani hakuna anayeweza kutofautisha kijani cha kazi na kijani cha urembo kwa kutazama tu. Kipimo rahisi ni punje zenyewe: chagua mashina matano ya kijani na matano yaliyokauka, pukuchua, hesabu punje mia tano kutoka kila kundi na uzipime kwenye mizani ya dukani. Kama kundi la kijani halizidi, rangi hiyo haina thamani kwako.

Muhogo: anayeangusha ndiye anayesubiri

Kwa muhogo mpango ni mwingine, kwa kuwa hauna haraka ya kujaza punje. Ukame unapoingia hufunga stomata zake, vile vitundu vidogo vya jani vinavyopitisha hewa na mvuke, mapema, huacha kutoa majani mapya makubwa, huangusha ya zamani kuanzia chini, na hubaki na kishada kidogo cha majani kileleni. Mtu asiyeujua atasema umekufa. Mvua za Novemba au Desemba zinapoanza, hutumia wanga uliomo kwenye mizizi kuchipua upya, na ndiyo maana muhogo uliong'olewa wakati huo huwa na maji mengi na makopa yake huwa mepesi.

Je, muhogo unaoshikilia majani ni bora kuliko unaoyaangusha? Utafiti uliofanyika Kolombia ulionyesha kuwa aina zinazoshikilia majani hutoa mizizi yenye uzito mkavu mkubwa zaidi, na sina sababu ya kuupinga. Lakini sisi tuna kiangazi kinachokaribia nusu mwaka. Majani yanayobaki katika kipindi hicho yanaendelea kupoteza maji, na machanga ya kileleni ndiyo hasa yanayotafutwa na utitiri wa kijani, mdudu anayestawi wakati wa ukavu. Kwa shamba la kawaida la Newala au Kilwa, mimi ningeuliza kwanza muhogo huo unachipua kwa kasi gani baada ya mvua ya kwanza, kabla ya kuuliza una majani mangapi Septemba. Anayeishi kwa kuuza kisamvu ana haki ya kujibu tofauti.

Kisamvu chenyewe ni somo la umri wa jani. Mama mmoja ninayenunua kwake huchuma yale ya juu tu, matatu au manne kwa kila ncha, na nilipomwonyesha jani pana la chini alicheka: "La chini halitwangiki, mwanangu." Amechagua ulaini, na hana budi, ila jani changa la muhogo ndilo pia lenye viambata vingi zaidi vinavyotoa sianidi, maana ni tishu ghali ambayo mmea unailinda kwa sumu. Kutwanga vizuri na kuchemsha kwa muda mrefu hadi maji yapungue si mapokeo matupu.

Umri wa jani ndio pia unaotofautisha magonjwa mawili makubwa ya zao hili. Batobato huonekana kwenye majani machanga: hukunjamana, hupinda na kuwa na mabaka ya kijani na njano. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao kwa mara ya kwanza ulielezwa kisayansi katika Tanganyika mwaka 1936 na ambao pwani yetu inaujua kuliko bara, huonekana kwenye majani yaliyokomaa ya chini, bila kuyakunja. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa jani la chini lenye unjano huhesabiwa kuwa limezeeka. Tofauti ipo, na inaonekana ukilishika jani mkononi ukaligeuza kwenye mwanga: jani linalozeeka kwa kawaida hupauka karibu sawasawa na hung'oka kwa kuguswa, jani lenye michirizi lina unjano unaofuata mishipa midogo, huku sehemu za katikati zikibaki kijani, na mara nyingi limeshikilia shina kwa nguvu.

Mkorosho na ufuta

Kwenye mkorosho, hatua ya katikati, ile ya kukomaa, ndiyo ngao. Ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu unaoonekana kama unga mweupe, hushambulia tishu changa, yaani majani mapya na mashada ya maua yanayotoka katika miezi ya baridi kuanzia Juni, na ndiyo maana salfa hupuliziwa wakati huo. Jani lililokwisha kukomaa haliambukizwi. Mtu angeweza kudhani basi kwamba kila jani la zamani ni gumu kwa magonjwa, lakini utafiti wa mwaka 2019 kwenye arabidopsisi ulionyesha kwamba mmea ukiwa kwenye ukavu au chumvi, asidi ya absisiki hudhoofisha kinga ya majani ya zamani, wakati kwenye majani machanga huwaka jeni inayolinda kinga yao isizimwe. Mmea hupanga vipaumbele kulingana na shida na kulingana na jani. Kanuni moja kwa mazao yote haipo.

Ufuta hauna mjadala mrefu. Hapa kuzeeka kwa majani ni saa ya ukutani: ya chini yakianza kugeuka njano na kudondoka, na vitumba vya chini vikibadilika rangi, wakati wa kukata umefika, iwe umepanda Lindi 02, Mtwara 09 au mbegu ya zamani ya nyumbani. Mwaka mmoja niliona juu bado kuna kijani nikaongeza wiki moja. Vitumba vya chini vilipasuka vyenyewe, na sehemu kubwa ya mavuno yangu ililiwa na njiwa mchangani.

Ukavu wa Februari na ukavu wa Mei

Mikoa yetu ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei, na katikati yake, mwishoni mwa Januari au Februari, mara kwa mara huingia kipindi kifupi cha ukavu. Hizi ni shida mbili tofauti. Ukavu wa Februari una mwisho unaojulikana, kwa hiyo unaupendelea mmea unaoweza kuachilia majani machache, kusimama, kisha kuendelea mvua ikirudi. Muhogo hufanya hivyo bila jasho, na mtama mchanga hufanya kwa kiasi. Ukavu wa Mei hauna mvua nyuma yake. Hapo mtama uliopandwa Januari huwa bado unajaza punje, na kushikilia majani kunalipa, mradi udongo una akiba. Ukiwa umepanda mapema Desemba kwa mbegu ya miezi mitatu na nusu, Mei haikuhusu, na mbegu inayozeeka haraka haina cha kuionea aibu.

Kama ningelazimika kutoa pendekezo moja kwa mwenye ekari mbili, moja bondeni na moja kwenye mchanga wa juu, ningesema mtama wa kubaki kijani uende bondeni, na juu pawe na muhogo unaoangusha na kuchipua upesi, pamoja na kipande cha mtama wa muda mfupi.

Ila vipando vya muhogo visichaguliwe Oktoba, mashina yakiwa matupu, kama wengi wetu tunavyofanya kwa sababu ndio wakati wa kusafisha shamba. Majani ya chini yakishaanguka, ushahidi wa michirizi ya kahawia umeanguka nayo, na shina gonjwa linafanana na zima. Ukaguzi ufanyike Machi au Aprili, majani yakiwa yangali kwenye shina. Pita mstari kwa mstari, inamisha majani matatu ya chini ya kila shina uyatazame kwenye mwanga, na mashina yaliyo safi uyafunge kipande cha kitambaa chekundu kwenye pingili ya juu, pale ambapo hata miezi sita baadaye, jani likiwa halipo, kitambaa bado kitaonekana.